Tumefungwa 15-11 na nimerudi nyumbani nachekelea

Watu wakisikia mimi ni kocha msaidizi wa timu ya altimeti ya chuo huku Marekani swali la kwanza huwa lilelile, kwani kurusha frisbi (ile sahani ya plastiki ya kurushiana) nako kunahitaji kocha? Ndio kunahitaji, na kazi yangu hasa wala sio kufundisha kurusha, kazi yangu ni laptop. Mimi ndo mtu wa hesabu. Kuanzia Februari mpaka Mei nalala na majedwali, na leo nataka niwaeleze kwa nini, maana kuna jambo kwenye msimu wa machipuko ambalo hata baadhi ya vijana wetu wanaoucheza hawalielewi vizuri.

Tuanze na mchezo wenyewe chapchap kwa asiyeujua. Saba kwa saba, diski ya gramu 175 (sisi hatuiiti frisbi, hilo ni jina la biashara), unapasiana mpaka mwenzako aidakie ndani ya eneo la mwisho, hiyo pointi moja. Ukiwa na diski huruhusiwi kukimbia nayo, na anayekukaba anakuhesabia kwa sauti mpaka kumi, kumi ikifika hujaachia inakuwa ya kwao. Ikidondoka pia ya kwao. Mechi kamili inaenda mpaka 15, muda ukiruhusu. Refa hakuna, faulo mnaitana wenyewe na mnajadiliana wenyewe, kwenye mechi kubwa ndo wanaletwa waangalizi wa kuamua pale mnaposhindwana. Chimbuko lake ni wanafunzi wa sekondari ya Maplewood, New Jersey, mwaka 1968, na mechi ya kwanza ya vyuo ilikuwa Rutgers na Princeton tarehe 6 Novemba 1972, Rutgers wakashinda 29-27. Siku hizi kufika 15 tu tunahema, sijui wale walikuwa wanakula nini.

Sasa msimu. Huu sio mchezo wa NCAA, kile chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani, kwa hiyo sahau habari za basi la chuo na skolashipu za michezo, ni klabu za wanafunzi, wanachangishana, wanaendesha vani usiku kucha, wanalala wanane chumba kimoja, alafu Jumamosi asubuhi wanacheza mechi tatu au nne mfululizo za makundi na Jumapili mtoano. Wikiendi kama hizo tunafanya nne au tano mpaka Machi inaisha. Aprili ndo zinaanza za konferensi (vikundi vidogo vya vyuo ndani ya kanda), kisha kanda, na mwisho wa Mei fainali za taifa ambazo kwa divisheni ya kwanza zinachukua timu 20 tu upande wa wanaume na 20 upande wa wanawake.

Kanda ziko 10. Kila kanda ina tiketi yake moja ya uhakika, hizo ni 10. Zile 10 zilizobaki zinagawiwa kwa renki, na renki inatoka kwenye matokeo ya mechi za kabla ya konferensi tu. Na hapa ndo penye utamu wote wa kazi yangu, kwa sababu renki ya USA Ultimate, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, haiangalii umeshinda au umefungwa basi, inaangalia umefungwa NGAPI na NANI.

Iko hivi. Kila timu ina namba yake. Mkicheza, mshindi anapewa namba ya mpinzani wake kujumlisha kitu fulani, aliyefungwa anapewa namba ya mpinzani kutoa kitu hichohicho. Hicho kitu kinategemea skoo. Ukifungwa 15-14 unakatwa 125. Ukifungwa 15-7 au vibaya zaidi unakatwa 600 na hapo ndo mwisho, hata ukila 15-0 ni 600 ileile. Katikati sasa ndo mstari unapinda, nimeshapiga hesabu mara nyingi mpaka nimekariri, 15-13 kama 214, 15-11 kama 381, 15-10 kama 454, 15-9 kama 515. Alafu wanachukua wastani wa mechi zako zote, zile za karibuni zikiwa na uzito zaidi kuliko za mwanzo wa msimu, na kompyuta inarudia rudia hesabu mpaka namba za timu zote zitulie, maana namba yangu inategemea yako na yako inategemea ya mwingine.

Ukishaelewa hilo unaanza kuiona ratiba kwa jicho lingine kabisa. Kwenda kumpiga kibonde hakuna faida. Ukimzidi mtu zaidi ya namba 600 na ukamchapa mara mbili na ushee, mechi yenyewe inatupwa isihesabiwe (ilimradi una matokeo mengine ya kutosha), ila akikufunga pointi tisa kumi kwa sababu umewapumzisha wakubwa, basi hiyo inahesabiwa na inakuangusha. Kwa hiyo unaenda kutafuta vipigo vya heshima. Najua linasikika vibaya lakini ndo ukweli, kufungwa 15-13 na timu ya tatu kwa ubora kunakulipa kuliko kumfunga jirani kibonde 15-8.

Sasa niwapeleke uwanjani. Jumapili ya mwisho ya Machi, upepo unapiga uwanja kwa urefu wake wote, ule upepo ambao ukirusha kuukabili diski inainua pua na kupaa juu kama imeitwa, na ukirusha ukiwa umeupa mgongo inazama miguuni kwa mwenzako. Tunacheza na timu ambayo tuseme namba yake ni 2000, na tuko nyuma 14-9. Vijana wamekufa. Mmoja ameshavua viatu yuko na soksi anatafuta funguo za vani, maana mbele yetu kuna masaa kumi na moja ya barabara. Kocha mkuu anataka awaingize wa mwaka wa kwanza wapate uzoefu, na ni wazo zuri la kibinadamu kabisa. Mimi nikaruka kama mwendawazimu, hapana hapana, ingiza wakubwa wote.

Kepteni akanitazama, kocha, tumeshafungwa hii.

Nikamwambia najua. Nataka mbili.

Sikuwa na muda wa kueleza kwamba kwa 15-9 mechi hiyo inatuandikia 1485 na kwa 15-11 inatuandikia 1619. Wakaingia wanaburuza miguu. Pointi ya kwanza tulipata kwa bahati, wapinzani walirusha ndefu kuelekea upepo ikawarudia kichwani, tukaiokota tukamalizia mita chache. Ya pili ndo nitaikumbuka. Tulikuwa tunaenda kwenye upepo, hapo huendi na pasi ndefu, ni vipasi vya hatua tatu nne, forihendi ya chini, bekihendi ya chini, unarudi nyuma unaanza upya, nilihesabu pasi thelathini na kitu. Hesabu ya mkabaji ilifika tisa mara mbili. Mara ya pili kepteni alichuchumaa kabisa goti likagusa tope akaipitisha chini ya mkono wa mtu, diski ikaenda imelala juu ya majani kama sahani inayosukumwa mezani, na yule kijana aliyekuwa anatafuta funguo (alikuwa amevaa viatu kwa haraka, kamba zimefungwa ovyo) akajitupa akaibeba ndani ya mstari. 14-11. Wakatumalizia 15-11 dakika mbili baadae na hakuna aliyeelewa kwa nini mimi nashangilia peke yangu.

Tofauti ya 134 kwenye mechi moja, ukiigawa kwa mechi zetu 20 za msimu ni kama namba sita saba hivi. Kidogo eeh? Renki ya mwisho ilipotoka tulikuwa tumeshika tiketi ya mwisho kabisa, aliyetufuata, wa kanda nyingine, tulimzidi kwa namba 4. Nilipiga kelele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini kuna kipande ambacho nilikuwa nakificha, na vijana wetu wengi walikisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Ile tiketi sio yako. Ni ya kanda. Wewe umeipatia kanda tiketi ya pili, sasa nenda kwenye mashindano ya kanda ukaipiganie na wenzako wote, hata yule aliyeshika nafasi ya arobaini kitaifa anaruhusiwa kukunyang'anya. Ndo maana mwezi mzima wa Machi mnakuta mahasimu wa kanda moja wanaombeana dua, mimi mwenyewe nimewahi kukaa na simu saa nne usiku nikiomba timu ninayoichukia kuliko zote ishinde huko North Carolina. Aprili ikifika urafiki umeisha.

Tulifika fainali ya kanda tukafungwa, hiyo ilikuwa tunaitegemea. Tukabakiwa na mechi ya tiketi ya pili dhidi ya majirani zetu ambao renki yao ilikuwa chini huko, walipita njia ya nyuma wakishinda mechi moja baada ya nyingine tangu asubuhi. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Tulifungwa 15-12.

Kwenye vani kulikuwa kimya masaa mawili ya kwanza. Kepteni alikuwa kiti cha mbele pembeni yangu, goti bado lina alama ya ule mchubuko wa Machi, akaniuliza, kocha, kwa hiyo zile pointi mbili tuliwafungia hawa? Nikamwambia ndo hivo. Akaangalia dirishani, alafu akaniomba chaja.