Kushirikiana na mzazi si kumshirikisha

Juzi, kwenye kikao cha wazazi wa darasa la awali, nililisikia tena neno ushirikiano: "Tunashukuru kwa ushirikiano wenu, karibu wote mmeshalipa hela ya uji." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana uji wenyewe mwanangu anaunywa.

Maana kwanza, kwa kifupi. Ushirikiano na wazazi katika ujifunzaji wa awali ni mzazi na mwalimu kupanga na kufanya pamoja yanayomjenga mtoto kabla hajafika darasa la kwanza: kuongea naye, kucheza naye, kumsimulia, kuhesabu naye. Basi.

Sasa neno lenyewe. Kitenzi ni shiriki, tulichokitoa kwenye Kiarabu, nacho kimetuzalia mshirika, shirika na ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipokuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, mwanachama aliingia na kahawa yake; hakuna aliyeitwa kuja kutazama ya mwenzake. Tia -ana, kauli ya kutendana, upate shirikiana: kila upande unatenda na kutendewa. Tia -isha, upate shirikisha: shughuli ni yangu, wewe nakuingiza. Ikifika shirikishwa, mzazi ameshakaa kwenye benchi anasubiri kuambiwa. Ndiyo maana ripoti zimejaa "ushirikishwaji wa wazazi". Hawakukosea sarufi hata kidogo.

Mwalimu anayeshirikiana huuliza kabla ya kutangaza. Ndipo anapogundua kwamba yule mtoto asiyetamka kitu mbele ya ubao hutumwa dukani na noti ya elfu moja na kurudi na chenji kamili, na kwamba bibi yake humtegea vitendawili kila jioni, kwa Kipare. Hiyo ni hesabu, na hiyo ni lugha, na hakuna kati yake iliyoanzia darasani. Hata programu ya taifa iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021 inaitwa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Malezi yametangulia, na mlezi wa kwanza si mwalimu.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, uji tutalipa. Lakini ukiandika muhtasari wa kikao kile, usiandike kwamba wazazi walishirikiana. Nilitaka kukuachia "walishirikishwa", ila nikikumbuka vizuri hakuna aliyetuuliza kitu. Andika "waliarifiwa".