Namba E haina maana gari ni jipya: mambo ya kukagua kabla ya kununua gari la mkononi

Malalamiko ya watu walionunua magari ya mkononi yanazidi kuongezeka mezani kwetu, na mengi yanafanana hadi kwenye maneno. Mnunuzi aliambiwa gari ni namba E (yaani la usajili wa karibuni, herufi za namba yake zikianza na E), injini haijawahi kufunguliwa, AC inapiga, halina deni, ni kuwasha na kuondoka. Miezi miwili baadaye gari liko gereji, dalali hapokei simu, na kadi bado ina jina la mtu ambaye mnunuzi hajawahi kumwona. Makala haya yanamlenga mwananchi anayetaka kununua gari la miaka mingi kutoka kwa mtu hapa nchini. Hayachukui nafasi ya ukaguzi rasmi, wala hayana nia ya kumtuhumu kila muuzaji. Wauzaji waaminifu wapo, na hao ndio hufurahi ukija na fundi.

Tuanze na namba, maana hapa ndipo watu wanapotea zaidi, na tumelisema mara nyingi. Namba ya gari ya Tanzania Bara ina T, tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi hizo hutolewa kwa kufuatana kadiri magari yanavyosajiliwa. Inachokuambia ni kwamba gari lilisajiliwa hapa kipindi gani, basi. Sheria yetu haizuii gari kuukuu kuingia, inalitoza. Gari dogo la abiria lenye miaka kati ya 8 na 10 hulipiwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, ile ambayo wengi wanaiita uchakavu. Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8. Kwetu, IST ya mwaka 2003 iliyoshushwa bandarini juzi inapewa namba ya leo, na ya 2006 iliyoingia zamani inabaki na namba C. Bado kuna watu wanaongeza mamilioni kwa ile ya kwanza kwa sababu ya herufi tu. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Usome huo.

Kisha uthibitishe kwenye gari lenyewe. Vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho, chini kabisa karibu na sakafu. Kwa magari mengi ya Kijapani utakuta kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Ikiwa mkanda ni wa 2004 na unaambiwa gari ni la 2008, uliza. Ukiwa hapo hapo tazama rangi ya mkanda. Mstari wa tope au ukungu sehemu ambayo kwa kawaida imejikunja ndani ni dalili kwamba maji yalifika kiunoni mwa gari. Anayeishi Dar es Salaam anajua Jangwani inavyojaa mvua za masika zikikolea. Gari lililozama huoshwa likang'aa na kubadilishwa zulia, lakini mikanda na reli za viti chini kwa kawaida husahaulika. Pitisha kidole kwenye reli. Gari la namna hiyo linaweza kutembea vizuri miezi kadhaa, kisha nyaya na sensa zikaanza kufa moja baada ya nyingine, na hakuna fundi atakayekuambia tatizo litaishia wapi.

Kilomita za kwenye dashibodi si ushahidi. Zinarudishwa nyuma kwa mashine ndogo ndani ya muda mfupi. Linganisha na mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na upande wa kiti anapoingilia dereva. Kama gari lilitoka Japani, muuzaji akupe cheti cha usafirishaji, ambacho kina kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi wa huko, na kama lilinunuliwa mnadani, karatasi ya mnada. Kwenye karatasi hiyo daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kufanyiwa matengenezo ya ajali. Si kila R ni gari baya, lakini bei ya R haiwezi kuwa sawa na ya gari la daraja la 4, yaani lililo katika hali nzuri.

Sasa injini. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika shika boneti. Ikiwa ni ya moto, gari limepashwa ili usiusikie mlio wa kwanza asubuhi. Rudi siku nyingine. Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili, ya chaji na ya airbag zote ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Isiyowaka kabisa mwanzoni ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu huenda mtu ameing'oa au ameifunika ili usiione. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta uji mweupe kama maziwa, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kuna ujanja mmoja unaowaumiza watu kuliko mingine yote, na nitaueleza kwa urefu. Gari linapoanza kuchemsha, tiba sahihi ni kutafuta chanzo: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Badala yake thamostati, kile kifaa kinachodhibiti maji ya kupoozea ili injini ikae kwenye joto lake, inang'olewa na feni inaungwa moja kwa moja ili izunguke muda wote. Mara nyingi kilicholeta matatizo hayo tangu mwanzo ni maji ya bomba au ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wanayajaza kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini), nayo yanakula aluminiamu ya hedi polepole kutoka ndani. Mshale wa joto unashuka, gari linauzwa, na hedi inaendelea kuliwa. Kugundua si kazi ngumu. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta utazame rangi ya maji. Kutu nyekundu au tope ni jibu tosha. Washa gari, zima AC, sikiliza: feni ikianza kuzunguka papo hapo wakati injini bado baridi, imeungwa. Kisha endesha nusu saa. Kama mshale unapanda kwenye foleni na kushuka sana ukishika barabara wazi, uwezekano mkubwa thamostati haipo. Magari madogo kama Vitz na Passo mara nyingi hayana mshale bali taa ya bluu ya injini baridi. Taa hiyo ikichelewa mno kuzima, shuku jambo hilo hilo. Tafadhali msituambie kwamba nchi yetu ni ya joto hivyo thamostati haihitajiki. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto linalotakiwa, Dar es Salaam au Njombe.

Giaboksi ya otomatiki ipimwe ukiwa umekanyaga breki: kutoka N kwenda D, kisha R. Mshtuko mkubwa, au kusubiri kabla gari halijashika, ni gharama. Barabarani pita kwenye matuta polepole madirisha yakiwa wazi. Milio ya bushi na shokapu hurekebishika, itumie kupunguza bei. Injini za D4 za Toyota hupeleka petroli moja kwa moja ndani ya silinda na hazivumilii mafuta machafu. Usinunue gari lenye injini hiyo kama fundi wako haifahamu. Na fundi awe wako kweli, asiwe uliyeelekezwa na dalali. Mlipe hata kama gari hukulichukua.

Nyaraka ndizo tunazoshughulika nazo kila siku, kwa hiyo fuatilieni kwa makini. Kadi iwe halisi, si kopi ya rangi. Namba ya chesisi isomwe kwenye bodi yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ilinganishwe na kadi. Vivyo hivyo namba ya injini na rangi. Injini iliyobadilishwa bila kuingizwa kwenye kumbukumbu za usajili itakukwamisha wakati wa uhamisho. Namba ya chesisi iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya haina maelezo yanayokubalika. Gari kama hilo hukamatwa likiwa mikononi mwa yeyote, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalo kosa la kupokea mali ya wizi.

Anayeuza awe ndiye mwenye jina kwenye kadi. Kama si yeye, alete hati ya uwakilishi iliyoidhinishwa na wakili. Kama mwenye gari amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, wala si mtoto mkubwa wala mjane kwa neno lake tu. Kama ni gari la kampuni, kuwe na azimio la bodi. Ukiambiwa kadi iko benki au kwa mkopeshaji, nendeni pamoja, mpewe salio la deni kwa maandishi, ulipe hapo hapo na kadi itolewe ukiona. Ukiambiwa imepotea, subiri muuzaji apate nyingine kwa jina lake kwanza.

Madeni hufuata namba ya gari. Hakiki faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, ada za maegesho za TARURA, na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Vyote vinahakikiwa kwa namba ya gari kwenye simu yako, na hakuna sababu ya kumwamini mtu kwa mdomo.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili ukiwa na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu, kwa sababu ajali ya asubuhi na makabidhiano ya jioni ni mambo ya watu wawili tofauti. Wapo wanaoandika bei ndogo ili kodi ipungue. Siku ukidai kurudishiwa fedha zako, kitakachosomwa ni kile kilichoandikwa. Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, pande zote zikiwa na TIN, baada ya kulipa kodi ya uhamisho na ushuru wa stempu. Usikubali kuendesha kwa kadi ya mwingine ukisubiri fedha za uhamisho zipatikane. Muuzaji anaweza kusafiri, kufariki au kubadili nia, na kwa sheria gari bado linasomeka kuwa lake.

Bima iliyopo ni mkataba kati ya kampuni na muuzaji. Kama imebakiza miezi, iulize kampuni kama inahamishika na upate jibu kwa maandishi kabla ya kuliingiza gari barabarani.