Kiungo hakipo pale unapodhani

Nafundisha anatomia kwa wanafunzi wa afya na huwa naanza na swali linaloonekana la kijinga: kidole chako cha kati kinaanzia wapi? Karibu wote wanageuza kiganja na kugusa ule mkunjo wa chini, pale vidole vinapoachana. Haya, kunja ngumi alafu angalia nyuma ya mkono. Lile fundo linalochomoza ndo kiungo chenyewe, na liko kama sentimita mbili hivi nyuma ya mkunjo, yaani ndani ya kiganja kabisa!! Mkunjo ni wa ngozi tu, umepita juu ya mfupa. Ndo maana kidole hichohicho ukikitazama kwa nyuma kinaonekana kirefu kuliko kwa mbele.

Anayekata kuku kila siku hili analijua bila darasa. Anashika paja, analipindua nje mpaka nyonga iachie, kisu kinapita kwenye gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, bila hata kutumia nguvu. Anayekata kwa kukadiria macho anavunja mfupa na vipande vyake mnakuja kuvitema kwenye mchuzi. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alishalitumia hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akasema anayegawa mambo ili ayaelewe agawe kwenye viungo vyake vya asili, asivunjevunje kama mchinjaji mbovu.

Sasa Plato angekutana na mjusi kafiri sijui angesemaje maana yule akibanwa anaacha mkia, na mkia haukatiki kwenye kiungo, unakatika katikati ya pingili ya mfupa ambapo tayari kuna ufa wa kuzaliwa nao, misuli inajibana na damu inatoka kidogo tu. Mkia ukiota tena ndani hauna pingili, ni bomba la gegedu, kwahiyo siku nyingine akitaka kuuacha itabidi aukate juu zaidi, kwenye mkia wa zamani uliobaki.

Mahindi machanga nayo upepo ukiyalaza, bua linajiinua kwa kupinda kwenye vifundo, upande wa chini wa kifundo unakua haraka kuliko wa juu. Mtu anaona pete ngumu kumbe ndo bawaba.

Na lugha ndo usiseme. Chukua neno "nilimpikia", mtoto wa darasa la kwanza analikata kwa silabi, ni-li-m-pi-ki-a, kwa kusoma iko poa sana ila kisu kimepita katikati ya mfupa, coz mzizi ni pik, huo ndo umetulia, vingine unabadilisha utakavyo: tulimpikia, nitampikia, niliwapikia. Alafu kuna sehemu mfupa wenyewe unalika, pika inatupa mpishi, linda mlinzi, iba mwizi, fuata mfuasi, hapo mzizi na kiambishi vimeshikana kama mifupa ya fuvu la mzee na kuona mpaka ulipo inabidi uujue mzizi kabla hujashika kisu.