Anga jeupe si kibali cha kuogelea

Jua linawaka, upepo umetulia, hakuna hata wingu. Wengi kisiwani huhitimisha hapo hapo kwamba bahari nayo ni shwari, kisha joto linawasukuma majini. Hitimisho hilo ni la hatari.

Mawimbi hayahitaji upepo wa hapo ulipo. Dhoruba iliyo mbali huyazalisha, nayo husafiri maelfu ya kilomita bila kupoteza nguvu nyingi. Mawimbi marefu, ambayo vilele vyake hupishana kwa sekunde 15 hivi, husafirisha nguvu zake takriban kilomita 1,000 kwa siku. Kwa hiyo dhoruba ya juzi, ambayo wewe hukuiona wala kuisikia, inaweza kukufikia leo chini ya jua kali. Desemba 2008, visiwa vya Pasifiki magharibi, vikiwemo vya Mikronesia na Papua New Guinea, vilivamiwa na mawimbi ya namna hiyo, yakafurika hadi mashambani.

Mawimbi haya huja kwa makundi. Dakika kadhaa maji yametulia, kisha yanafuatana makubwa matatu au manne. Aliyesimama mwambani kupiga picha ndiye huchukuliwa. Na maji yaliyorundikana ufukweni lazima yarudi: hupita katika mkondo mwembamba unaoweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Ajabu ni kwamba mkondo huo mara nyingi huonekana kama sehemu tulivu kuliko zote. Ukinaswa, usishindane nao. Elea, uite msaada, au ogelea sambamba na ufukwe.