Kampuni Ikifilisika, Ardhi ya Kijiji Hairudi Yenyewe

Mwezi Julai 2008 pipa la mafuta lilivuka dola 140 kwenye soko la dunia. Nchi za Ulaya zilikuwa zinajiwekea lengo la kuchanganya mafuta ya mimea kwenye magari yao, na miaka hiyo wilaya za Kisarawe, Rufiji, Bagamoyo na Kilwa, pwani ya Tanzania, zilipokea wageni wengi waliokuja na ramani mkononi wakitafuta ardhi. Huko Kisarawe kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata hekta 8,211 kutoka vijiji 11 ili ilime mbono kaburi (jatropha) wa kukamua mafuta hayo, mmea ule ule ambao wengi wetu tumeuzungushia nyumba kama uzio kwa sababu mbuzi hawaugusi. Kilwa, kampuni ya Uholanzi iitwayo Bioshape ilichukua takriban hekta 34,000 kutoka vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Bioshape ilifilisika mwaka 2010. Sun Biofuels iliingia mikononi mwa wafilisi mwaka uliofuata.

Vibarua wakarudi nyumbani. Ardhi haikurudi.

Hapo ndipo wananchi wengi wanapochanganyikiwa, na si kosa lao, maana kwenye mikutano jambo hili halielezwi. Sheria zetu zinagawa ardhi katika makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ili mwekezaji wa nje apewe haki ya kuitumia ardhi ya kijiji, kwanza ardhi hiyo huhamishwa na kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, halmashauri ya kijiji haina tena mamlaka juu yake. Ardhi hiyo sasa iko chini ya Kamishna wa Ardhi. Kampuni ikifa, haki zake huuzwa pamoja na matrekta. Ndivyo ilivyokuwa Kisarawe, kampuni nyingine ikanunua na shamba likaenda nayo. Kijiji kinachotaka ardhi yake irudi kinapaswa kuanza safari mpya kabisa, ya kuomba umiliki ubatilishwe na ardhi irejeshwe, na safari hiyo haipiti kwa mtendaji wa kijiji.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli uko mwanzoni, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Eneo linalotakiwa kuhamishwa likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa maoni na uamuzi unakuwa wa Waziri. Sasa piga hesabu ya Kisarawe: hekta 8,211 kwa vijiji 11 ni wastani wa hekta 746 kila kimoja. Binafsi naona kifungu hiki kimekaa kinyume, kwa maana kadiri kijiji kinavyopoteza eneo kubwa ndivyo sauti yake inavyopungua. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na hata maoni yakiandikwa vizuri yana uzito yakifika mahakamani.

Angalieni pia vipimo. Mkulima anahesabu kwa ekari, hati inaandikwa kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mtu akisema mbele ya mkutano “tunaomba mia tano” bila kutaja mia tano za nini, asimamishwe hapo hapo aulizwe.

Ninapofuatilia migogoro kama hii, mimi huomba muhtasari wa mkutano kabla ya kuangalia ramani. Mara nyingi habari ya ardhi haimo kwenye ajenda kuu. Imebanwa chini kabisa, kwenye “Mengineyo”, mistari mitatu, baada ya mchango wa choo cha shule. Orodha ya mahudhurio nayo ina majina ya waliosaini kwa ajili ya soda au posho, na orodha hiyo hiyo ikageuka ushahidi kwamba walikubali. Ardhi iwe ajenda inayojitegemea, itangazwe mapema, na muhtasari utaje eneo kwa mipaka yake, walioafiki wangapi, waliopinga wangapi. Sheria inamtaka Kamishna au mwakilishi wake afike mkutanoni kueleza na kujibu maswali. Kama hajafika, ahirisheni. Vilevile ardhi haiwezi kuhamishwa kabla aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa. Ulizeni fidia inaingia akaunti ya nani: Kilwa, fungu kubwa la malipo ya Bioshape lilibaki kwa halmashauri ya wilaya, vijiji vikapata dogo.

Neno linalouza ardhi zaidi ya yote ni “pori tupu”. Pori hilo la Kilwa ndiko watu wanakochimba ming'oko, yaani viazi pori, mwaka wa njaa, wanakokata kuni na fito, na ndiko yaliko mashamba yaliyopumzishwa. Lilikuwa linalisha na kupikia watu kabla ya mtu yeyote kulihesabu kama chanzo cha nishati. Mimi huona ajabu: mama anayepika kwa kuni ameombwa apishe msitu wa kuni zake ili gari la Ulaya litembee. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ni vizuri. Lakini mpaka gesi ifike jikoni, msitu ule ndio jiko.

Na haiwezekani kusema kwamba kijiji hakijui kufanya biashara. Wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, vijiji kama Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao kisheria, vikapata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na Nanjirinji ikauza mbao zake yenyewe, fedha zikaingia kijijini. Ludewa, vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi vina umeme wa maji wa kilowati 300 unaosimamiwa na umoja wa watumiaji wenyewe, LUMAMA. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa bonde la Yaeda, walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, yaani hati inayotambua ardhi kuwa ya jamii nzima, kitu ambacho wafugaji wa kaskazini wamekifuata. Edward Loure, aliyesukuma kazi hiyo, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Hati hiyo ya pamoja ndiyo ninayowashauri wenye malisho na misitu, kwa sababu hati za mtu mmoja mmoja hulinda mashamba na kuacha pori wazi. Anzeni na cheti cha ardhi ya kijiji, kisha mpango wa matumizi bora ya ardhi, ukipitishwa na mkutano mkuu wenye wanawake ukumbini na si nyuma jikoni. Mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili kisheria.

Na mwekezaji akija na jambo zuri, nayo miradi mizuri ipo, zungumzeni kwanza juu ya mkataba wa ubia au ununuzi wa mazao kwa wakulima, ardhi ikibaki ya kijiji. Nakala ya muhtasari mbaki nayo nje ya ofisi ya kijiji, kwa watu wawili watatu mnaowaamini.