Mbona utosi wa mtoto unadunda?

Juzi mama mmoja wa Kondele alikuja kliniki yetu hapa Kisumu amemvalisha mtoto wa miezi minne kofia mbili za uzi, na hili joto letu. Nikamuuliza mbona, akasema nyanyake mtoto amemwambia kichwa hakijafunga, upepo utaingia. Tukacheka wote, halafu nikachukua vidole vyake nikaviweka polepole juu ya utosi asikie venye panadunda.

Hapo hakuna shimo. Kuna ngozi, chini yake utando mgumu kuliko watu wanavyodhani, na kinachodunda ni damu ikipita tu, kwa hivyo osha hapo, chana nywele, usiogope. Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mifupa vimekaa karibu karibu na katikati kuna mishono laini, na wakati wa kuzaliwa vile vipande vinapandana kidogo ndio kichwa kipite, ndiyo maana wengine wanatoka na kichwa kirefu kama embe na nyanya anataka kukikanda na maji moto kikae sawa. Jameni kiacheni, kwa siku chache hivi kinarudi chenyewe.

Sasa mbona kisifunge mapema? Juu ubongo ndio unasukuma. Mtoto anazaliwa na kichwa cha kama sentimita 35 ukizungusha tepu, akifika mwaka ni kama 45 ama 46, na mfupa mpya unaongezeka pale pale kwa mishono. Utosi mdogo wa nyuma hufunga kwa miezi miwili mitatu, huu wa mbele wengi ni kati ya mwaka na mwaka na nusu, wengine hata miaka miwili na wako sawa kabisa. Mshono ukifunga kabla ya wakati kichwa kinakua kikienda upande, na hiyo sasa ni kazi ya daktari wa upasuaji, si ya kukanda.

Uso wenyewe hauna haraka. Taya la chini mtoto anazaliwa nalo nusu mbili, zinaungana hapo kidevuni ndani ya mwaka wa kwanza, halafu linarefuka pole pole meno yakiingia mpaka ujana, ndio unaona kijana wa form two pua na taya zimetangulia, uso mwingine bado uko njiani.

Utosi ukizama na mtoto anahara, hakojoi vizuri, usipake dawa hapo juu, hayo ni maji yamemwishia mwilini: nyonyesha, mpe ORS (ile chumvi na sukari ya pakiti ya kuchanganya na maji), na uje. Ukivimba na kukaza hata akiwa ametulia, hasa kukiwa na homa ama kutapika, ita boda saa hiyo hiyo.

Yule mama alivua kofia zote mbili. Moja akaiweka juu juu kwa mkoba, ya kumvalisha wakikaribia geti nyanya asione.