"Late": lini ni kuchelewa, lini ni marehemu

Wengi hufundishwa kwamba "late" ni kuchelewa, basi. Halafu wanakutana na "the late director" na kudhani mkurugenzi bado yuko njiani, kumbe ameshafariki.

Maana huamuliwa na mahali neno linapokaa. Likija baada ya kitenzi "be", linahusu saa: "The director is late", mkurugenzi amechelewa. Likitangulia jina la mtu, cheo au undugu wake, huku limetanguliwa na "the" au neno kama "my", ni marehemu: "my late father". Kiswahili kinakubali "baba yangu ni marehemu". Ukiihamisha hivyohivyo na kusema "My father is late", Mwingereza atakuuliza anafika saa ngapi. Sema "My father is dead", au kwa upole, "My father has passed away".

"Late" ya namna hii ni ya mtu ambaye kifo chake bado kinakumbukwa na walio hai. Haisemwi "the late Shakespeare". Kosa lisilovumilika ni kumwita rais mstaafu "the late president". Huko ni kumzika mtu akiwa hai. Aliyeondoka madarakani ni "former president".

Tatizo lingine linatokana na sarufi yetu. Kuchelewa kwetu ni kitenzi, "late" ni kivumishi, kwa hiyo "nimechelewa" ni "I am late". "I have been late" ni habari ya matukio yaliyopita: "I have been late twice this week", nimechelewa mara mbili wiki hii. Kiasi cha muda hutangulia: "ten minutes late". Kazini au mkutanoni tumia "for", "late for work". Kwa malipo au kazi unayodaiwa, "with": "late with the rent".

Usiongeze "-ly" ukitaka kueleza namna mtu alivyofika. Ni "She arrived late". "Lately" ni hivi karibuni.

Kwenye vipindi hakuna kuchelewa kokote, ni sehemu ya mwisho tu: "the late 1990s", au "in her late twenties", yaani miaka 27 hadi 29 hivi.

Angalia pia "latest" na "last". "Her latest novel" ni riwaya yake mpya kuliko zote, na nyingine huenda ikafuata. "Her last novel" yaweza kuwa iliyotangulia hii, au ya mwisho maishani mwake. Kwa mwandishi aliye hai, chagua "latest".